Pistoni ya Aldéa

Kule Sainte-Eudoxie, kijiji cha theluji na wakata magogo, mtu akivaa sweta nyuma mbele, au akitundika mlango ukawa unafungukia ukutani, watu humcheka na kusema, "Hiyo ni pistoni ya Aldéa." Msemo huo una miaka ishirini na tano sasa. Watoto wanaoutumia hawajui hata pistoni ni kitu gani. Wenye lawama ni wakubwa wao, kwa sababu wao wanajua nusu ya habari, na nusu ya habari ni mbaya kuliko uongo mzima. Uongo mzima hufa wenyewe.

Basi na ieleweke. Si kweli kwamba Aldéa Bouffard aliokota ufundi kwa kuchungulia juu ya mabega ya kaka yake. Wala si kweli, kama Réjean Caouette alivyotangaza mgahawani, kwamba mashine ya theluji ya Mzee Hormidas iliwashwa kwa injini nyingine iliyofichwa chini ya boneti. Injini ilikuwa ileile, nambari yake imegongwa ubavuni, na asiyeamini achukue tochi akaisome. Katika yote yanayosemwa, la kweli ni moja: pistoni ilifungwa kinyume, na mkono ulioifunga ni wa Aldéa. Kwa nini mkono ule uliifunga hivyo, hakuna aliyeuliza.

Aldéa alizaliwa mwaka 1944, mtoto wa sita wa mkata magogo. Alikuwa wa mkono wa kushoto. Masista wa shule walimfunga mkono huo kwa utepe ili aandike kwa wa kulia kama binadamu wengine, na matokeo yake ni kwamba hakuandika kwa wowote. Alitoka shule akiwa na miaka kumi na mbili, akijua kusoma majina ya watakatifu kwenye kalenda na si zaidi. Lakini mkono uleule uliofungwa utepe ulikuwa mwembamba na wenye akili zake. Kaka yake Philias, aliyemzidi miaka sita, alipofungua gereji ya mashine za theluji, zile pikipiki zinazoteleza bila magurudumu, nyuma ya nyumba yake, aligundua kwamba mkono wa dada yake hufika mahali ambapo wake haufiki, na kwamba ukifika hukumbuka ulichokikuta.

Juu ya mlango wa gereji Philias alipaka rangi maneno haya: *Philias Bouffard na Dada*. Wakata magogo waliona ni kichekesho.

"Na Dada?" walimwuliza. "Kwani hana jina?"

"Ubao umeisha," alijibu Philias. "Ungekuwa mrefu ningeandika na sifa zake."

Mteja akiingia na kuuliza fundi yuko wapi, Philias alinyoosha kidevu upande alipo Aldéa, akaendelea na kazi yake. Watu walizoea. Ukifungua injini mbele ya Aldéa, utamwona anatandaza kitambaa cha meza cha plastiki, kile chenye michoro ya matunda ya cheri, kisha anapanga kila kitu kinachotoka kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia. Nati ya kwanza inakaa kwenye cheri la kwanza. Wakati wa kufunga anarudi kulia kwenda kushoto mpaka kitambaa kibaki kitupu. Hakuhitaji karatasi. Miaka thelathini haikubaki nati hata moja juu ya kitambaa kile.

Philias naye hakuwa na elimu ya kujivunia. Miaka mitano ya darasa, basi. Alichojua alikiweka katika kanuni fupi za mdomo, na Aldéa alizimeza kama wengine wanavyomeza katekisimu. *Injini nzima hubusu kiganja.* *Usimpige aliyelala kabla hujamwita.* *AUS ni juu.*

Hii ya mwisho inahitaji maneno mawili. Juu ya kichwa cha kila pistoni ya injini zile za ng'ambo kuna mshale mdogo, na kando yake herufi tatu: A, U, S. Mtu wa Sainte-Eudoxie akizisoma kwa Kifaransa chake, mdomo wake hutoa sauti moja tu, *o*, na sauti hiyo ndiyo hiyohiyo ya neno lao la "juu". Herufi zenyewe si za neno hilo, ila Philias alikuwa na maelezo.

"Wale wa kiwandani nao hawajui kuandika," alimwambia dada yake akicheka. "Kumbe hatuko peke yetu. Mshale juu, mdogo wangu. AUS ni juu."

Na injini zote walizozifungua ziliwekwa zimelala kidogo, kwa hiyo upande mmoja ulikuwa wa juu na mwingine wa chini. Mshale ulielekezwa juu, injini ikawaka. Kanuni isiyokosea miaka thelathini, nani ataishuku?

Kati ya gereji na jikoni mwa Philias kulikuwa na mlango. Mke wake, Irène, alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, aliyesoma chuo mjini na kurudi na masanduku mawili ya vitabu. Mwezi wa kwanza wa ndoa alisema petroli isivuke kizingiti kile, na haikuvuka. Philias alibadilisha nguo gereji. Aldéa, aliyekuwa na chumba chake orofani, alizunguka nje kwenye theluji ili aingie kwa mlango wa mbele. Mawifi hawa wawili waliishi chini ya paa moja miaka thelathini bila ugomvi na bila mazungumzo. Mezani waliongea habari za supu.

Aprili 1998 Philias alianguka akiwa anafagia gereji. Moyo. Alizikwa Jumanne, na Alhamisi Aldéa alifungua gereji.

Ndipo majira ya baridi yaliyofuata, Januari 1999, Mzee Hormidas Pelletier akaleta mashine yake juu ya mkokoteni. Hormidas alikuwa na miaka themanini na miwili. Mashine aliinunua mpya mwaka 1967, ya kwanza parokiani. Kwayo alipeleka barua kambi za magogo, na wagonjwa wawili au watatu aliwaleta kwa daktari wamefungwa kamba nyuma yake kama mizigo. Boneti lake la manjano lilikuwa limepauka mpaka rangi ya siagi. Pistoni ilikuwa imekamata ndani ya silinda, haipandi haishuki.

"Binti," Hormidas alisema, "Jumapili ya karnivali mashine kongwe ndiyo inayotangulia. Unajua."

"Najua, Mzee."

"Mwaka kesho huenda nikavutwa. Mwaka huu nataka kuendesha."

"Utaendesha."

"Tabenakulo! Hivyo ndivyo Philias angejibu," alisema mzee, maana wanaume wa kule huapa kwa vyombo vya kanisa, naye Hormidas alikuwa ameapia kila kitu kilichomo isipokuwa kengele.

Hii ilikuwa injini ya kwanza Aldéa kuifungua mpaka ndani kabisa bila kaka yake. Pistoni ya zamani aliitoa kwa kipande cha mti na nyundo, ikatoka kwa taabu, inazunguka huku na huku, kichwa chake cheusi kwa masizi. Kwenye droo kulikuwa na pistoni mpya aliyoinunua Philias zamani, bado imo kwenye kadibodi yake. Aldéa aliipaka oili, akaipachika, mshale juu kama alivyofundishwa, akafunga kichwa cha silinda na kurudisha kila kitu kutoka kwenye cheri lake. Jumatatu asubuhi, siku sita kabla ya karnivali, alivuta kamba ya kuwashia.

Injini haikuwaka. Alivuta mara kumi, akapumzika, akavuta kumi tena. Hormidas alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia ya manyoya magotini.

"Labda imeshangaa," alisema mzee. "Hata mimi nikiamka siongei."

Aldéa alivuta hadi kamba ikamchubua kiganja. Kisha akasema, "Nenda nyumbani ukale, Mzee. Usimpige aliyelala kabla hujamwita."

Saa nne mzee alikuwa mgahawani mkabala na kanisa, na saa nne na robo kijiji kizima kilijua. Hakusema kwa ubaya. Aliulizwa tu, naye hajui kunyamaza. Kesho yake Réjean Caouette akaja gerejini. Réjean alikuwa na duka la mashine mpya katika mji wa jirani, na alikuwa ameshajitolea mbele ya kamati ya karnivali kutoa mashine inayong'aa iongoze msafara, endapo kongwe "itashindwa kuhudhuria". Alisimama katikati ya gereji mikono mifukoni.

"Mama fundi, habari za mgonjwa?"

"Hajafa."

"Watu wanaongea, dada yangu. Mimi nakutetea. Nasema, mwacheni, amefiwa." Akaangalia juu, mahali ambapo ubao ungeonekana kama ukuta ungekuwa kioo. "Lakini mtu anajiuliza. Ubao unasema Philias na Dada. Philias hayupo. Sasa imebaki na nini?"

"Imebaki na mlango, Réjean. Uko nyuma yako."

Aliondoka akicheka, lakini neno lake alikuwa ameshaliacha. Likazunguka kaunta ya mgahawa pamoja na kahawa: imebaki na nini? Wanaume watatu waliokuwa wameahidi kuleta mashine zao wiki ile hawakutokea. Aldéa hakuwa mtoto. Alijua kwamba kijiji hakikuwa kinasubiri mashine ya Hormidas, kilikuwa kinamsubiri yeye. Ikiwaka Jumapili, yeye ni fundi. Isipowaka, alikuwa dada wa fundi, na miaka yake thelathini itazikwa upya kando ya Philias.

Akaanza mwanzo, kwa utaratibu wake. Injini, Philias alisema, huomba vitu vitatu kama mtoto mchanga: moto, maziwa na pumzi. Jumanne alitafuta moto. Alichomoa plagi, akaishika juu ya chuma cha silinda, akavuta kamba. Cheche ya bluu iliruka, nene, inayosikika. Alibandua flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa shafti, akaangalia kabari yake ndogo ya nusu mwezi isiwe imekatika, maana ikikatika moto huja kwa wakati usio wake. Ilikuwa nzima. Pointi zinazotoa cheche zilikuwa safi, nafasi yake sawasawa. Moto upo.

Jumatano alitafuta maziwa. Kabureta, linalochanganya petroli na hewa, alilifungua lote juu ya kitambaa cha cheri, akapuliza kila tundu, akabadilisha utando wake wa mpira ingawa haukuwa na kosa. Petroli ilifika, mbichi, imechanganywa na oili kwa kipimo. Lakini kila alipovuta kamba na kuchomoa plagi, plagi ilikuwa kavu kama mfupa. Petroli ipo mlangoni, haiingii nyumbani. Akamimina kijiko kimoja moja kwa moja kwenye tundu la plagi, akafunga, akavuta. *Pa! Pa!* Injini ilikohoa mara mbili, ikatema moshi, ikanyamaza. Hormidas, aliyekuwa amerudi kwenye ndoo yake, aliruka.

"Imeongea!"

"Imekula nilichoilisha mdomoni," Aldéa alisema. "Yenyewe haitaki kula."

Alhamisi alitafuta pumzi. Kupima mgandamizo alitumia kidole gumba kwenye tundu la plagi, na kidole kilirushwa vizuri, ringi za pistoni zilikuwa zinashika. Alipaka sabuni kwenye viungo vya chini kuona kama pana povu la hewa inayovuja. Akabadilisha sili zote mbili za shafti, zile pete za mpira zinazozuia hewa, kazi ya siku nzima, na mwisho wake plagi ikabaki kavu vilevile. Jioni hiyo mezani Irène alimwona akishika kijiko kwa mkono wa kulia, kwa sababu kiganja cha kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Supu imepoa?" Irène aliuliza.

"Supu nzuri," alisema Aldéa.

Hawakuongea lingine.

Ijumaa alikaa mbele ya mashine bila kugusa kitu, mpaka saa tano. Kisha akabandua kabureta kabisa, akaweka kiganja chake cha kulia, kile kizima, juu ya tundu ambapo injini hunywea, na kwa mkono mbovu akavuta kamba polepole. *Injini nzima hubusu kiganja.* Alikuwa amesikia busu lile mara mia: ngozi inavutwa ndani, inaachiwa, inavutwa. Sasa hakusikia kitu. Alivuta tena. Kiganja chake kilikaa pale kama kimewekwa juu ya ukuta.

Akachukua tochi, akainama hadi shavu likagusa chuma, akamulika ndani ya tundu huku akizungusha injini taratibu. Katika injini hizi hakuna vali. Pistoni yenyewe ndiyo pazia. Upande wa kunywea imekatwa chini, fupi, ili ikipanda dirisha lifunguke na petroli iingie. Aldéa aliitazama ikipanda. Ilipanda mpaka mwisho, na dirisha halikufunguka. Pazia lilikuwa refu. Ubavu mfupi ulikuwa upande wa pili, unaangalia moshi.

Pistoni imegeuka.

Akazima tochi. "Lakini mshale uko juu," alisema kwa sauti, na hapakuwa na mtu.

Fundi mwingine angeigeuza pistoni, akafunga, akanyamaza, na mambo yangeishia hapo. Aldéa hakuwa wa aina hiyo. Kitu kikikataa kanuni, alitaka kujua nani mwongo. Alifungua silinda. Kisha akaenda kwenye pipa la chuma chakavu akaitoa pistoni ya zamani, akaikwangua masizi kwa makali ya kisu mpaka mshale ukajitokeza, na herufi zile tatu. Akaigeuza mkononi. Upande mmoja ulikuwa umeungua kahawia, upande ambao kwa miaka thelathini na miwili ulipigwa na moto ukitoka. Mshale ulielekea upande huo hasa. Haukuelekea juu. Ulielekea kwenye ekzosi.

Akaenda dirishani kulikokuwa na mwanga. Hatua kwa hatua akazipitisha kichwani injini zote alizowahi kuzifunga na kaka yake. Zile za miaka ya baadaye zote zilikuwa zimelala kwa nyuma, na ekzosi yao iko upande wa juu. Mshale juu, mshale kwenye ekzosi: kwa mashine zile ilikuwa sawa. Hii ya 1967, kongwe kuliko zote, ililazwa kwa mbele, ekzosi yake inaangalia ardhi. Philias hakuwahi kuifungua. Miaka thelathini kanuni yake ilikuwa imebahatisha.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Aldéa alifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa katika nyumba ile. Alifungua mlango wa kati. Alivuka kizingiti na viatu vyake vya gereji, amebeba kitu ndani ya taulo, akakiweka mezani mbele ya wifi yake aliyekuwa akisahihisha daftari.

"Wifi," alisema Irène bila kuinua macho, "hicho kinanuka."

"Nimekiosha mara mbili."

"Mara ya tatu isingekuumiza." Lakini alivaa miwani yake. Ndani ya taulo ilikuwamo pistoni kongwe, imekwanguliwa hadi kung'aa. "Unataka nini?"

"Nisomee."

Irène aliinua chuma kile kwa ncha za vidole, akakisogeza dirishani. "A, U, S. *Aus*. Hiki si Kifaransa, Aldéa. Ni Kijerumani."

"Maana yake?"

"Nje. Kutoka. Kitu kinachotoka nje."

"Kama moshi," alisema Aldéa.

"Kama moshi, ndiyo. Mshale unaonyesha moshi unakotoka. Mtoto wa darasa la nne angekisoma, akiwa na kamusi. Kwani nyinyi mlidhani nini?"

"Juu."

"Juu! Juu haiandikwi hivyo. Nani alikwambia ni juu?"

Aldéa aliangalia kiti cha mwisho wa meza, kile ambacho tangu Aprili hakikaliwi na mtu. Irène alifuata macho yake. Pistoni ilikuwa bado mkononi mwake, na alama nyeusi ilikuwa imeshabaki kwenye kidole.

"Miaka thelathini," alisema Irène hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mngeniuliza tu."

"Ungefungua mlango?"

Wanawake wale wawili walikaa pale jikoni hadi chai ikapoa, na waliongea. Kisha Aldéa akakusanya taulo yake, akarudi gereji kwa mlango uleule, akageuza pistoni, akaipaka oili, akafunga. Kabla giza halijaingia aliweka kiganja juu ya tundu akavuta kamba. Injini ilimbusu. Hakuiwasha. Alisema ya kwanza ni haki ya Mzee Hormidas.

Jumapili baada ya misa watu walijaa kwenye ngazi za kanisa, pumzi zao zinafuka. Mashine kongwe kumi na moja zilipangwa barabarani, na mbele yao lile boneti la rangi ya siagi. Pembeni kidogo, inang'aa kama jino la dhahabu, ilisimama mashine mpya ya Réjean, tayari kusaidia. Padre alibariki. Mbwa walibweka. Hormidas, katika koti la manyoya alilooa nalo, aliishika kamba kwa mikono miwili.

"Mzee, usiivute kwa hasira," Aldéa alimwambia. "Ivute kama unaita mtu."

Alivuta mara ya kwanza. Kimya. Mtu alicheka nyuma.

"Ngoja niwashe yangu ikupashe moto, Mzee!" Réjean alipaza sauti.

Alivuta mara ya pili, injini ikakohoa. Ya tatu ikawaka, ikanguruma, ikafunika ngazi za kanisa kwa moshi wa bluu mpaka padre akapotea ndani yake. Hormidas aliapa kwa tabenakulo, kwa kikombe na kwa chetezo mbele ya mlango wa kanisa, na hakuna aliyemkemea, kwa sababu machozi yalikuwa yanamganda kwenye masharubu. Akatia gia. Mashine kongwe ikaondoka, na nyingine kumi zikaifuata.

Watu walipiga makofi. Réjean hakupiga. Aliposogea karibu na Aldéa, waliobaki ngazini walitega masikio.

"Wiki nzima imegoma," alisema. "Leo inaimba. Hiyo injini umeitoa wapi?"

"Ni ileile."

"Basi ilikuwa na nini? Tuambie, tujifunze. Au ni siri ya marehemu?"

Hapo ndipo Aldéa alipokuwa na jibu la kweli mdomoni. Lilikuwa na maneno machache, na lingemwosha mbele ya wote. Aligeuza macho, akakutana na ya Irène, aliyesimama ngazi ya juu katika koti lake jeusi la mjane. Kisha akamrudia Réjean.

"Pistoni niliifunga kinyume," alisema. "Nilikosea mimi. Nimeirekebisha mimi."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika hadi ziwani. "Kinyume! Jamani, kinyume!" Réjean alijipiga mapaja. Kufika jioni, maharagwe ya karnivali yakiwa bado kwenye sahani, msemo ulikuwa umeshazaliwa.

Jambo la ajabu ni kwamba Jumatatu wale wanaume watatu walileta mashine zao. Mmoja alisema, "Mwenye kusema nimekosea, hata siku akisema sijakosea nitamwamini." Aldéa alifungua gereji ile miaka kumi na minane mingine. Ubao haukubadilishwa. Kwenye pistoni alifuata moshi, hakufuata tena juu, na mafundi wawili aliowafundisha hawajui kwamba kulikuwa na kanuni nyingine. Mlango wa kati haukufungwa tena, si kiangazi, si baridi, na jikoni mwa Irène mpaka leo mnanuka petroli kidogo.

Aldéa ana miaka themanini sasa. Akisikia watoto wakisema "pistoni ya Aldéa", hucheka nao. Hajawahi kumtaja kaka yake katika habari hii, si mbele ya Réjean, si mbele ya padre, na akisikia kwamba imeandikwa atakasirika. Na akasirike. Philias Bouffard alikuwa fundi bora na mtu mnyofu, naye angekuwa wa kwanza kupanda ngazi zile na kusema, "Ni mimi niliyemfundisha." Hakuwa hai kusema. Aliyekuwa hai na anajua alikuwa amesimama ngazi ya juu katika koti jeusi, na sasa ndiye aliyeshika kalamu.

Watu watauliza kwa nini alinyamaza siku ile, na kwa nini akanyamaza miaka ishirini na tano. Watauliza pia yale mawifi wawili waliyoambiana jikoni chai ikipoa. Waulize. Hawatajibiwa.